Magodoro Ukutani kwa Wafula

Ndugu wasomaji, bado nina hasira. Wafula, niliyemfundisha shule ya msingi, ni mwanariadha wa kulipwa anayeshiriki mbio hadi Ulaya. Nilipomkuta Kitale akizungumza peke yake huku akirusha mikono, ningedhani nini? Niliamini kwamba akili imemruka.

Niliwakusanya akina mama wa kanisa, mama mchungaji akiwemo, tukaenda kwake Matulo. Tulimkuta amejifungia chumbani, kuta zote amezifunika kwa magodoro, akibwabwaja mbele ya kipaza sauti. Kipaza sauti sikukitilia maanani. Hata wahubiri wanacho. Nikamwekea mkono kichwani, nikanguruma: “Toka! Mwachie kijana huyu!” Akanyamaza, akatabasamu. Jumapili nikashuhudia kanisani kwamba amepona.

Juzi, nikiwa na akina mama wale wale sokoni Kamukuywa, redio ya muuza nyanya ilipiga wimbo wa hip hop wa Wafula. Kumbe kule Kitale alikuwa akifanya mazoezi ya kurap, na siku ile alikuwa akirekodi, magodoro yakizuia mwangwi! Katikati ya ngoma, bila ruhusa yangu, sauti yangu ikanguruma: “Toka! Toka!”

Muuza nyanya akacheka. “Mwalimu, si huyu ni wewe? Ati siku hizi unarap, bana!”

Mama mchungaji akanigeukia taratibu. “Mwalimu, kwani ile Jumapili ulishuhudia nini?”