Ndoo ya Feniki ya Bi Inshirah

Bi Inshirah alizaliwa na kinyaa, na mtaa mzima wa Anfushi, kule Iskandaria, ulilijua hilo. Ukimkaribisha chai, huinua glasi kwanza akaitazama kwenye mwanga. Akishikana mkono na muuza samaki, kefule! mkono ule hauguswi na kitu mpaka ukutane na sabuni. Ndugu zake walimtania kwamba siku ya kufa atainuka ayachuje mwenyewe maji ya kumwoshea.

Kufuga paka hakutaka yeye, tuelewane. Mumewe Rizq, aliyeendesha tramu maisha yake yote, alipigwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa, maneno yakamwisha kinywani, na juu ya hayo akagoma kula. Kijiko kikija, anafumba mdomo. Ndipo dada yake akaleta paka mmoja wa rangi ya basbusa, ile keki ya semolina, akamweka kifuani pa mgonjwa.

"Paka nyumbani mwangu?" Inshirah akamaka. "Ajilambe matako, kisha amlambe mume wangu usoni? Toba!"

"Mtazame mumeo kwanza, wifi, halafu useme," dada mtu akamjibu.

Rizq alikuwa anacheka kwa upande ule mmoja wa uso uliobaki hai. Akafungua kinywa. Tonge moja akameza, chembe ya samaki akampa paka. Tonge jingine, chembe nyingine. Tangu siku ile paka akaitwa Basbusa, na bila Basbusa kitandani Rizq hali. Inshirah afanyeje? Akameza kinyaa chake, akawa anaokota manyoya kwenye shuka huku anasonya.

Chanjo hakumpeleka. "Hatoki nje huyu, chanjo ya nini?" alisema, na majirani wote wakaona ana akili.

Basi, kila Ijumaa Inshirah aliosha ngazi za jengo. Bawabu alikuwepo, Ami Bashandi, mtu wa Saidi, kusini mwa Misri, mwenye kanzu ya kijivu, lakini uoshaji wa Bashandi Inshirah aliuita kuhamisha uchafu. Yeye alikuwa na ndoo yake, kitambaa chake, na chupa ya feniki, ile dawa nyeusi ya kuulia vijidudu inayogeuka nyeupe ikiguswa na maji. Huanza ghorofa ya nne mlangoni kwake, akateremka ngazi kwa ngazi mpaka uani, kisha akapanda na kitambaa kilekile akafuta kizingiti chake mara ya mwisho, ili harufu ya feniki ibaki mlangoni. Harufu ile ilikuwa fahari yake. Ukimtembelea lazima ikukwangue pua.

Chini ya ngazi Bashandi alifuga watoto watatu wa paka ndani ya boksi la machungwa. Aliwawekea maziwa kwenye kibakuli cha bati, yakaganda, yakajaa nzi. Inshirah akipita pale anaziba pua kwa mtandio.

Ijumaa moja, Bashandi akiwa msikitini, Inshirah akawakuta wamekufa wote watatu, wamelala kwenye matapishi ya njano na mharo wenye damu. Uvundo ule! Si uvundo wa mzoga tu. Ulikuwa mtamu kwa mbali. Akatapika mate, akawatia kwenye mfuko mweusi kwa koleo la jikoni, akautupa jalalani, na koleo nalo. Akapafuta mahali pale kwa feniki na kitambaa chake, akapanda akimalizia kazi yake kama kawaida. Hakumwambia mtu. Jioni alimsikia Bashandi akiita, "Pss, pss, pss," akafunga dirisha.

Wiki iliyofuata Basbusa akaacha kula. Alijikunyata mbele ya bakuli la maji, kidevu kikigusa maji, na hanywi. Asubuhi ya pili akatapika povu la njano juu ya mto wa Rizq, kisha akaharisha palepale kwenye mkono wa Rizq uliokufa. Rizq mwenyewe hakujua. Mkono ule hausikii kitu. Inshirah ndiye aliyeona ule uji wa damu ukimchirizika mumewe mpaka kwenye vidole, akakimbilia chooni.

Alipotoka alifungua dirisha la jikoni. Madirisha yote ya jikoni ya jengo lile yanatazamana kwenye shimo la hewa la katikati, na ukitaka kutangaza jambo huhitaji gazeti.

"Bashandi! Ewe Bashandi! Umempa sumu paka wangu?"

Bashandi alitoa kichwa chini kabisa. "Sumu? Mimi? Wallahi, mama, sumu niliweka ya panya tu, na niliweka kwenye bomba la maji machafu, mlivyoniagiza wenyewe!"

"Muuaji! Anakunywa chai yetu na anaua roho!"

"Hata mimi wangu wameondoka, mama, siwaoni..."

"Usinipotezee! Wako wamekukimbia kwa uchafu!"

Mama Wael wa ghorofa ya tatu akajitokeza na sega kichwani. "Mpe mtindi, Inshirah! Mtindi unavuta sumu. Na huyu bawabu aondoke, shoga, leo paka, kesho nani?"

Wakamshika Basbusa wawili, mmoja kichwa, mmoja miguu, wakamsukumia mtindi kwa kijiko. Aliutapika wote. Wakamnywesha tena, akatapika tena, mweupe umechanganyika na njano, ukawarukia kifuani. Mama Wael akakumbuka ghafla kwamba ana chungu motoni, akaondoka. Asubuhi yote ikapotea kwa upumbavu ule.

Adhuhuri Inshirah alimletea mumewe supu. Rizq akafumba mdomo. Akamsihi, akamtisha, akamwita kwa jina la utotoni. Mdomo ulifumbwa, macho yako kwa paka. Hapo Inshirah akaogopa kweli. Paka huyu akifa, Rizq naye anamfuata, alijiambia. Akavaa mifuko ya nailoni mikononi, akamfunga Basbusa kwenye taulo, akamkimbiza kwa daktari wa wanyama karibu na kituo cha tramu.

Daktari Yostina, msichana mnene mwenye msalaba mdogo wa Kikoptiki uliochorwa chale kwenye kifundo cha mkono, alimvuta paka ngozi ya shingoni. Ngozi ilibaki imesimama.

"Amekauka maji," alisema. "Na utando huu mweupe juu ya jicho, unauona? Amechanjwa?"

"Hatoki nje, binti yangu. Amelishwa sumu. Namjua aliyemlisha."

Daktari alichukua kinyesi kwenye kijiti, akakidondoshea kwenye kipimo kidogo, wakangoja. Mistari miwili.

"Si sumu, mama. Ni kirusi. Kinachubua utumbo, kinamaliza chembe nyeupe za damu, paka anabaki hana kinga. Watoto wa paka kinawaua kwa siku moja mbili, unadhani wamelishwa kitu. Kuna waliokufa karibu na kwenu?"

Harufu ile tamu ikamrudia Inshirah puani.

"Watatu," alisema. "Lakini nilipafuta! Kwa feniki! Hapana kitu kinachopona kwa feniki yangu."

"Hiki kinapona. Kinakaa sakafuni mwaka mzima kinakucheka. Hiki dawa yake ni klorini ya kufulia iliyozimuliwa kwa maji. Kitambaa ulichofutia ulikitupa?"

"Nilifutia kizingiti changu."

Daktari alisita na sindano mkononi. "Na feniki yenyewe ni sumu kwa paka, mama. Anakanyaga, anajilamba miguu. Sumu uliyokuwa ukiitafuta ulikuwa nayo nyumbani."

Inshirah aliomba kiti.

Dawa ya kuua kirusi hakuna, aliambiwa. Kuna kumshikilia paka mpaka mwili wake upigane: maji ya chumvi kwa sindano chini ya ngozi, dawa ya kuzuia kutapika, kiuavijasumu ili bakteria wasiingie kwenye utumbo uliochubuka, joto, na usafi. Mtindi marufuku. "Wengi hawaponi," daktari alisema, "lakini huyu ni mkubwa, tujaribu."

Na nani wa kujaribu? Yeye. Inshirah aliyekuwa akishika samaki kwa karatasi, sasa anamlaza paka magotini, anabana ngozi yenye mafuta ya ugonjwa, anachoma sindano, anatazama maji yakivimba chini ya manyoya mpaka paka anaota nundu. Anamfuta matakoni kwa pamba. Mharo unampenya kwenye glavu, unaingia kwenye kucha. Alichoma mto, alichoma kitambaa, aliosha kitanda kwa klorini mpaka macho yakamtoka machozi, na si klorini peke yake iliyomliza. "Yarabi, ninanuka," alimwambia Rizq. "Mimi, Inshirah, ninanuka mavi." Rizq alimtazama, na hakula zaidi ya vijiko viwili vitatu vya sukari na maji.

Kila akienda kwa daktari na kurudi alipita kwenye kibakuli cha bati chini ya ngazi. Kila siku aliyaona maziwa yameganda na kujaa nzi. Alifikiri Bashandi ni mvivu wa kukiondoa. Bashandi hamwamkii tena. Wapangaji walishamwambia atafute kazi kwingine mwezi ukiisha.

Siku Basbusa aliposimama, aliyumba kama mlevi, akafika kwenye sahani, akalamba supu ya samaki. Akalamba tena. Hakutapika. Kitandani Rizq akafungua kinywa wazi kama kinda, akatoa sauti, na Inshirah akamlisha bakuli zima.

Kisha akaenda dirishani jikoni. Angeweza kunyamaza, nani angejua?

"Nisikilizeni, watu wa jengo!" akapaza sauti. Madirisha yakafunguka. "Bashandi hakumpa paka wangu sumu. Ni ugonjwa, na niliuleta mimi kwa kitambaa changu cha ngazi. Aniwie radhi. Haondoki mtu hapa."

"Ati nini?" Mama Wael akauliza. "Ugonjwa ulitoka wapi?"

"Kwa wale watoto watatu. Walikufa chini ya ngazi. Niliwatupa, nikanyamaza."

Bashandi alikuwa chini, ameshika fagio. Hakutukana, na Inshirah alitamani amtukane.

"Uliwatupa wapi, mama?"

"Jalalani. Kwenye mfuko mweusi, pamoja na taka za Ijumaa."

"Mimi nimekuwa nikiwawekea maziwa kila siku," Bashandi alisema. "Nilidhani watarudi."

Alikichukua kibakuli, akayamwaga maziwa kwenye mfereji, akaingia ndani. Inshirah alibaki dirishani na kinyaa chake, na safari hii hakikuwa cha paka.