Miguu Mitatu Makaburini

Niliacha shule darasa la pili, nikaenda kukata mkonge pamoja na baba yangu. Kupiga picha sikufundishwa na mtu. Kamera ya kwanza niliinunua kwa jasho la kisu cha mkonge, nikaharibu mikanda mingi, mpaka mmoja ukakubali kutoa picha. Leo nina chumba changu cha picha Ngamiani, mjini Tanga. Matofali, bati na mlango nimevilipia mwenyewe, na anayesema nilibebwa aje anionyeshe mgongo wa aliyenibeba.

Nayasema haya mapema ili anayesoma ajue kwamba sikuwa mtu wa stendi. Stendi ya miguu mitatu ninayo, nzuri tu, lakini ilikuwa imesimama nyuma ya pazia na mke wangu akianikia vitambaa vya jikoni. Siku hizi watu hawapigi hata picha ya pasipoti bila stendi. Mimi harusi nzima naishika mkononi, tangu nikaha mpaka bibi harusi anatolewa ndani. Nabana viwiko mbavuni, nashusha pumzi nusu, nabonyeza. Walikuwa wakisema mkono wangu umemwagiwa zege.

Kisha nikanunua kamera kubwa, hizi za megapikseli arobaini na tano. Kamera za zamani zilikuwa na huruma, ukitikisika kidogo zinakufichia. Hii haifichi. Kwenye kile kioo chake kidogo cha nyuma picha inaonekana kali kama wembe, ukifika kwenye kompyuta ukiikuza unakuta kila kope imekuwa mbili. Nililijua hilo. Nikalidharau.

Mwaka jana shemeji yangu alinipigia simu. Ni kaka wa mke wangu, anaishi kwao, kijiji kimoja kusini ya Pangani, njia ya kwenda Mkwaja, na ndiye anayetunza makaburi ya pale. Akasema bahari inakula makaburi. Kila bamvua, yale maji makubwa yanayokuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, linabomoa ukingo, na safu ya mbele imebakiwa na hatua nne. Wazee wameamua asifukuliwe mtu. Vibao vipigwe picha, majina yabaki, wenyewe waachiwe Mungu.

"Uje na hiyo kamera yako ya kujisifia," akasema.

Katika safu ya tatu yuko mwanangu wa kwanza. Alikufa ana miaka minne, tulipompeleka kumsalimia bibi yake. Homa ya siku mbili, akazikwa palepale. Kibao nilikimwaga mimi, na jina nikaliandika kwa msumari saruji ikiwa bado mbichi. Shule yangu nimekwisha kuisema. Nilianza na herufi kubwa mno, nafasi ikaniishia, tatu za mwisho nikazibananisha pembeni. Mke wangu alipokuja kukiona akasema, "Umemwandika kama mzigo wa kupakiwa juu ya basi." Akacheka, halafu akalia. Mimi sikufanya hili wala lile. Siku ya nne nilikuwa Tanga napiga harusi. Picha zilitoka kali zote.

Sasa mke wangu ana sukari, miguu imevimba, hawezi kukaa garini safari ile yote wala kupanda na kushuka pantoni ya Pangani. Nilipokuwa nafunga mfuko aliniita.

"Niletee zile herufi tatu."

"Nitakuletea kibao kizima."

"Kibao kizima nakikumbuka. Zile tatu ndizo siku hizi haziniji machoni. Na stendi uichukue."

"Nimeshika kamera miaka arobaini."

"Nami nakutazama miaka hiyohiyo. Chai ya asubuhi inamwagika kwenye kisahani, baba."

Nikaichukua ili asiseme zaidi.

Herufi za msumari hazina kina. Jua likishapanda zinalala, unaona saruji tupu. Lazima uwahi linapochomoza, mwanga upite ubavuni mwa kibao, kila mchoro utupe kivuli chake. Ila mwanga wa saa ile ni mchache, kwa hiyo kamera inakawia kufumba jicho, na katika kukawia huko ndipo mkono unapoulizwa maswali. Ukiilazimisha ione zaidi kuliko mwanga uliopo, picha inajaa chenga, na saruji yenyewe ni chenga. Ilikuwa kazi ya stendi ile, nisibishe.

Mimi na shemeji tukafika makaburini mapema, tukawasalimia waliolala. Nikaifungua miguu. Shemeji akaitazama kama anayetazama mbuzi aliyeingia msikitini.

"Hiyo inasimama wapi?"

Nikaangalia chini. Kule watu wamezikwa karibu karibu, ndugu kwa ndugu. Kati ya kaburi na kaburi pana nafasi ya unyayo mmoja, nao unautia kwa kuvizia. Stendi ikitanua miguu, mmoja unabaki njiani, wa pili unampanda wa kulia, wa tatu unampanda wa kushoto.

"Huyu ni mjomba wetu," shemeji akasema. "Alipokuwa hai hakutaka hata kuguswa bega. Leo unamtia chuma cha tumbo?"

"Nitatanguliza kitambaa."

"Lala chini, ukiweke hicho kitambaa tumboni kwako, mimi nisimame juu yake. Ukikipenda, nitakuruhusu."

Nikaifunga miguu yote mitatu ikawa kama bakora moja, nikaichomeka njiani. Mchanga ukaimeza polepole, kamera ikainama kama mtu anayesinzia kwenye hotuba. Nikaichomoa. Kuna mambo mtu hawezi kubishana nayo, na kumkanyaga maiti ni mojawapo. Tena, niseme kweli, nilifurahi. Nikarudi kwenye mkono wangu.

Asubuhi mbili nilipiga vibao sitini na kitu. Shemeji alikuwa akitangulia, anafagia mchanga kwa kiganja, anataja ni nani, na kama alikuwa mkorofi anasema. Tulipofika kwa mwanangu hakutaja. Alifagia tu, akapisha. Kaburi ni fupi. Nilichuchumaa, nikabana viwiko, nikapiga tatu. Upepo ulikuwa unavuma kutoka baharini. Nikatazama kioo cha nyuma, zote kali.

"Umeona?" nikamwambia. "Stendi ya nini."

"Nyie watu wa mkonge hamjambo kwa kujisifu," akasema, tukaenda kwa mwingine.

Nikitafuta nilichokisikia moyoni asubuhi ile, sikioni. Nakumbuka magoti yaliniuma.

Ngamiani nilizifungua picha kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, nikizikuza. Mjomba mtu alikuwa safi, hata sisimizi aliyekuwa akipita kwenye jina lake unaweza kumhesabu miguu. Wote safi. Nikafika kwa mwanangu. Herufi za mwanzo, zile kubwa, zinasomeka. Tatu za mwisho zilikuwa zimelaliana. Kila moja imezaa pacha wake, pacha wa hii kamwangukia yule, huwezi kusema ipi ni ipi. Nikafungua ya pili, nikafungua ya tatu. Ni hivyohivyo. Makaburi sitini na kitu, mkono ule ule, upepo ule ule. Mimi nasema ni upepo.

Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni.

"Zimetoka?"

"Zimetoka."

"Nione."

"Kompyuta imekwama."

Maisha yangu yote nimewaambia watu ukweli kuhusu picha zao, hata waliotoka vibaya, na wengine wamenichukia kwa hilo. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza wa kazi. Hakubisha. Asubuhi alinimiminia chai, akawa anakitazama kisahani changu, si mimi. Kilipojaa akauliza, "Bamvua lijalo ni lini?"

Nikaondoka siku tatu kabla yake.

Shemeji alinikuta nashuka na mfuko. "Umesahau nini?"

"Moja haikutoka."

"Ya nani?"

Nikageukia upande wa makaburi. Alikuwa na utani mdomoni tayari, nikamwona anaumeza. Akauchukua mfuko wangu, akatangulia.

Safu ya mbele haikuwapo. Vibao viwili alivyowahi kuviokota alikuwa ameviegemeza kwenye ukuta wa nyumba yake, vimeelekea ndani. Ukingo umesogea, mchanga umelegea, ukikanyaga unauona unatiririka kuteremka. Safu ya mwanangu sasa ilikuwa ya pili.

Jua lilipochomoza nilipiga kwa mkono. Safari hii sikukubali kudanganywa na kioo, niliikuza picha papo hapo mpaka mwisho. Pacha. Nikapiga tena. Pacha. Ukutani ningeegemea, lakini makaburini hakuna ukuta. Nikapiga ya nne. Mwanga ukawa unapanda, vivuli vya msumari vinaanza kuwa vyembamba, na shemeji amesimama nyuma yangu amefumbata mikono.

"Ngoja," akasema.

Kaburi la mtoto ni fupi, nimesema. Pale linapoishia, miguuni, ndipo la mtu mzima lingeendelea. Panabaki kipande cha ardhi kisicho na mtu. Kwa stendi iliyotanua miguu ni padogo, kwa mzee aliyekunja magoti panatosha. Shemeji akaingia pale kwa adabu, akakaa, akaelekea kibao, akavua kofia yake, akaikunja na kuiweka begani.

"Haya, weka."

"Utapumua."

"Na wewe utapumua. Nani kakwambia mtu asipumue?"

Nikasimama njiani nyuma yake, mguu mbele mguu nyuma, nikainama, nikailaza kamera begani kwake. Ikatulia. Si kama kwenye stendi. Ilikuwa inapanda na kushuka taratibu. Moyo wake nilikuwa nauona unagonga ndani ya lenzi.

"Vuta pumzi," nikamwambia. "Toa. Toa yote. Kaa mtupu hivyohivyo."

Akatoa. Kabla sijabonyeza akasema, amenipa mgongo, "Siku ile wewe hukulia."

"Usizungumze. Unatikisa."

Akavuta tena, akatoa, akabaki mtupu. Nikabonyeza. Nikabonyeza na ya pili.

Niliikuza. Herufi tatu, kila moja na kivuli chake mwenyewe, zimebanana lakini hakuna aliyemlalia mwenziwe.

"Imetoka?"

"Imetoka."

"Basi ninyanyue," akasema, "magoti yamegoma." Nikamnyanyua. Akakung'uta kofia, akavaa, tukaenda kunywa chai. Hakuna aliyelirudia lile neno lake.

Nyumbani nilimwekea mke wangu kiti mbele ya kompyuta. Alitazama muda mrefu. Kisha akagusa kioo kwa kidole, moja, mbili, tatu.

"Bado zimebanana," akasema.

"Ndivyo nilivyoandika."

"Kuza."

Nikakuza mpaka zile tatu zikajaa kioo kizima.

"Kuza tena."

Nikakuza mpaka herufi ya mwisho ikapotea, ikabaki saruji tu, punje na punje, na kipande kidogo cha gamba la kombe, cheupe. Kamera ile ina uwezo huo. Alisogeza uso.

"Hii ni nini?"

"Mchanga wa kwenye saruji."

"Wa wapi?"

"Wa palepale. Nilichota ufukweni, chini ya makaburi. Sikuwa na mwingine."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei na ameikubali. Akauliza kama ninaweza kumchapishia. Nikasema naweza. Akasema ndogo tu, ya kuweka ndani ya msahafu. Nikamchapishia ndogo, ingawa picha ile ingeweza kujaa ukuta.

Bamvua lilikuja. Siku ya pili yake shemeji akapiga simu asubuhi.

"Ya kwanza imekwenda, na ya pili nayo," akasema.

"Yote?"

"Yote. Kibao chake nilikikimbilia, sikukipata."

"Haya."

"Mwambie dada."

Nilimwambia. Alikuwa anamenya vitunguu, akaendelea kumenya. Nikasubiri kidogo pale mlangoni, nione kama kuna kitu nitasikia moyoni. Hodi ikapigwa mbele, mteja wa pasipoti.

Nikaenda nyuma ya pazia. Nikavitoa vitambaa vya jikoni kwenye stendi kimoja kimoja, nikavikunja, nikaibeba mpaka mbele. Sakafu yangu ni ya saruji, pana, haina mtu chini yake. Nikatanua miguu yote mitatu, nikakaza kamera juu, nikamwambia mteja ainue kidevu.