Kamba Juu ya Mpira Mnene

Mimi nguo ikinipita mkononi bila kuijua, siku hiyo chakula hakinishuki. Ndivyo nilivyo, na wanaonicheka wacheke. Kwa hiyo nilipofungua balo la nguo kuukuu pale sokoni Kasongo, nikakuta chini ya makoti ya watoto nguo mbili nyeusi za mpira, zenye mikono na miguu na zipu mgongoni, wenzangu walicheka wakauliza ni shetani gani kazivua. Mimi sikucheka. Mume wangu anazamia mto Luama, upande wa Salamabila, kutafuta dhahabu chini ya maji. Nilijua zinamfaa nani.

Kazi yao wanaifanya wawili wawili. Mmoja anashuka, mpira wa hewa mdomoni, hewa inatoka kwenye kompresa iliyo juu ya mtumbwi. Mwenzake anabaki juu ameshika kamba aliyofungwa yule wa chini kiunoni. Kamba ikivutwa mara mbili, panda upesi. Wakati wa kiangazi ndio maji yanapungua na wanashuka sana, na ndio wakati Luama inapouma kwa baridi. Mume wangu alikuwa anashuka na sweta tatu. Akirudi nyumbani namfunga vifungo vya shati mimi, vidole vyake havishiki kitu, na kikohozi kile kilikuwa kinanikosesha raha kabisa.

Nikampigia simu. Akafurahi, akasema moja yake, nyingine ya mwenzake, nimchagulie mimi kwa sababu nguo nazijua. Kwenye mkono wa moja iliandikwa tatu, wa nyingine saba. Milimita, bila shaka. Ile ya saba ilikuwa nene kama kandambili mpya.

Mutu mwingine angechukua ile nene akamaliza. Mimi nilitaka kujua. Nene inazuia baridi kiasi gani? Na je, maji hayaingii? Nikajaza pipa nyuma ya nyumba, likalala nje na baridi ya kiangazi. Alfajiri, baada ya kuswali, nikavaa ile nyembamba, nikaingia pipani na tasbihi mkononi. Saa sina, lakini tasbihi naijua mwendo wake. Sikumaliza mzunguko wa pili, meno yakaanza kugongana. Kesho yake nikaingia na ile nene. Maji yaliingia kidogo shingoni, yakakaa humo humo, yakapata moto wa mwili wangu mwenyewe. Nilishangaa sana! Basi ni maji yenyewe yanayokuvika? Mzunguko wa tatu nilikuwa natamani chai tu, baridi hata siikumbuki.

Ndipo mama mkwe akatoka na birika lake. Akaniangalia nilivyokuwa, mweusi mpaka shingoni, nahesabu tasbihi ndani ya pipa.

"Kumbe mutoto wangu alioa kambale," akasema, akaenda zake kuchota maji.

Nikachagua ile nene iwe ya mume wangu. Ile nyembamba nikaikunja vizuri kwa ajili ya mwenzake, na nasema ukweli, nilijua namkunjia baridi. Yeye naye ana mke. Nilijiambia kila mutu na bahati yake.

Sikumpa mtu mzigo ule. Nilipanda moto, pikipiki ya kukodi, mwenyewe mpaka Luama, vumbi likanijaa mpaka masikioni, kwa sababu nilitaka kuona kwa macho. Walivaa wote wawili wakitaniana. Mume wangu kwanza hakuzama, nguo ile ya mpira inaelea, ikabidi aongeze mawe kwenye mkanda. Hilo pipa langu halikuniambia, nikaliweka akilini. Kisha akashuka. Mwenzake akashika kamba, mimi nikakaa ukingoni nimefurahi.

Kompresa ikakohoa, ikazimika. Sikuogopa. Nilikuwa nimeambiwa kwamba hewa kidogo hubaki kwenye tangi lake, inatosha mutu kupanda. Mwenzake akavuta mara mbili. Akangoja. Akavuta tena, kwa nguvu, mtumbwi ukayumba. Maji yakabaki vile vile. Je, alitia mpira wa hewa mdomoni? Hapana, hakutafuta hata mpira. Alifunga kamba kwenye mtumbwi, akajitupa na ile nguo nyembamba niliyomkunjia, akafuata kamba mpaka chini.

Wallahi sikumbuki kama nilipiga kelele. Walitoka pamoja, mume wangu anatapika maji, mwenzake amemshika kwapani, anatetemeka midomo imegeuka rangi. Mume wangu alipopata sauti aliuliza kuna nini, kwa nini hakuvutwa. Hakusikia kitu. Mpira ule mnene, chini kwa uzito wa maji, ulikuwa umejibana, kamba ikalegea juu yake, na ilipovutwa iliteleza juu ya mpira, mwili haukusikia kitu. Nilikuwa nimepima baridi siku mbili nzima, nikasahau kupima kamba.

Nilimwambia yule mwenzake yote, pale pale, mbele ya mume wangu: kwamba nilijua ipi ni nzuri, na nikampa ile nyingine kwa makusudi. Aliniangalia kidogo. Akasema yeye angekuwa na dada sokoni, dada angefanya vile vile, kisha akaomba chai. Niliona aibu mpaka leo ninaiona.

Tulirudi Kasongo na ile nguo nene. Nikachukua makasi, nikaikata kiunoni, pande zote, upana wa vidole vinne, nikashonea hapo kitambaa chepesi cha fulana. Baridi itaingia hapo, najua. Mume wangu akaingia pipani akiwa ameivaa, nikamfunga kamba, nikamwambia afumbe macho. Mama mkwe alikuwa mlangoni na birika lake.

Nikavuta pole pole, mara mbili.

"Nimesikia," akasema.

Nikavuta tena.

"Nimesikia, mke wangu. Nimesikia."

Nikavuta tena.