Majivu Yamepata Mwenyewe

Juma hili nimeona askari mwenye fimbo akilinda majivu. Ndiyo, majivu! Ni lile lundo nyuma ya stesheni, ambapo mashini za treni zinamwaga makaa ya mawe yaliyokwisha kuungua. Wanawake wa kambi ya wafanyakazi wa mgodi wanayachota kila asubuhi, wanayatupa chooni kuua harufu.

Mama mmoja alikuja na ndoo yake kama kawaida. Askari akanyoosha fimbo kumzuia asiyaguse.

"Mama, tosha mukono. Iko mali ya bazungu."

"Majivu? Tangu lini?"

"Tangu jana. Bamepima mu laboratware, bamekuta madini ndani. Bei yake inapita shaba."

Mama akashika kiuno. "Na ile tulimwanga mu choo, batakuya kuichota?"

Tulicheka wote, hata askari.

Kesho yake mzungu wa laboratware, ile maabara yao, alifika kambini na chupa tupu mkononi, akauliza choo kiko wapi. Mama yule akamwonyesha kwa kidole, bila kucheka.

Tangu utoto tunaambiwa kilicho chini ya udongo wa Katanga si chetu. Sikujua kwamba amri hiyo inashuka mpaka chini ya choo.