Bikoni Niliyoikanyaga Gesima

Mimi ni mpima ardhi wa serikali, na mdomo wangu hutangulia akili. Juzi huko Gesima nilitafuta bikoni, lile jiwe la mpaka, asubuhi nzima. Hatimaye, chini ya michai, nikaona kona ya saruji yenye chuma. Nikapanda juu yake na buti zangu, mbele ya chifu na majirani, nikatangaza, "Serikali haipotezi kitu!"

Nikapima kutoka hapo. Mpaka ukapita katikati ya jiko la mjane mmoja, Mama Nyaboke. Jirani aliyemshtaki akapiga makofi.

Mama hakubishana. Aliniita ndani ya jiko hilohilo, akafunga mlango, akanimiminia chai ya maziwa. Namshukuru mpaka leo, maana maneno haya angeweza kuyasema nje, watu wote wakisikia:

"Mwanangu, pale uliposimama ni kaburi la mume wangu. Michai imelifunika. Kunywa kwanza, kisha utoke uwaambie mashine imekosea. Mimi nitaitikia. Halafu ukipita pale, umwambie mzee pole."