Walikuja Kuona Ua, Wakakuta Kitunguu

Siku wageni walipokuja kutazama ua langu la ajabu, kitaluni palikuwa pameota vitunguu vya kupikia.

Ndiyo, vitunguu. Hivi hivi vya kuunga mchuzi.

Tulieni niwasimulie.

Mimi ni fundi cherehani, lakini ugonjwa wangu ni maua. Si waridi hizi za kila geti. Nazungumzia yale yanayoota kutoka kwenye tunguu lililofukiwa ardhini. Linalala huko kama limekufa, halafu ghafla linatoa kichwa, linachanua.

Shangazi yangu ndiye aliyenigawia mbegu. Ua jeupe, kooni jeusi tii. Mji mzima tulikuwa nalo yeye na mimi tu, na langu lilikuwa halijachanua tangu niolewe.

Ubaya wake, tunguu lile ukiliweka karibu na kitunguu, asiyelizoea hawezi kulitofautisha. Na ni sumu. Niliwaambia watu wote wa nyumba niliyoolewa, "Jamani, msiguse."

Wifi yangu akabinua mdomo. "Wenzako wanapanda mchicha, wewe unatupandia sumu!"

Mama mkwe akanikingia kifua. "Mwache mwenzio na maua yake."

Nilimpenda yule mama. Kweli kabisa.

Shangazi akaugua, nikaenda kumuuguza. Nikiwa huko, mama mkwe akanipigia simu, sauti imejaa furaha.

"Mwanangu, maua yako yameanza kutoa vichwa! Waite wale wenzako wa maua waje waone."

Niliruka kama mtoto. Nikawaita wapenda maua wote niliowajua. Asubuhi niliyorudi, nao ndio walikuwa wanaingia getini. Hata mkoba sikuutua.

Tukakizunguka kitalu. Mmoja wao, mama muuza miche, akainama, akakata jani, akalinusa.

"Dada," akasema taratibu, "hiki si kitunguu cha kupikia?"

Nami nikainama, nikanusa. Kitunguu.

Kisha wifi akaangua kicheko. Simu anayo mkononi, anarekodi. "Bingwa wa maua! Mwagilia basi, tupate kiungo!"

Nikamgeukia mume wangu. Bwana yule alikuwa amejiziba mdomo, mabega yanatikisika kwa kucheka.

Wageni waliondoka mmoja mmoja wakiniambia pole. Zile pole ziliniuma kuliko kicheko.

Nikamvaa wifi. "Maua yangu umeyapeleka wapi?"

"Mimi? Nikayafanyie nini?"

Tukawa tunabishana uani huku chakula kikiwa tayari jikoni. Wifi ndiye aliyepika. Mama mkwe, kwa sababu ya dawa zake za presha, alikuwa anakula kabla ya watu wote. Akapakuliwa, akala.

Haikuchukua muda tukasikia sahani inapasuka.

Tulimkuta sakafuni, anatapika, anatetemeka, jasho linamtiririka kama kamwagiwa maji. Nikakimbilia jikoni. Kwenye kapu la vitunguu nikaona tunguu ninalolijua kama ninavyojua vidole vyangu. Pembeni, maganda ya mengine yaliyokwisha kumenywa.

Nikalinyakua.

"Ni maua yangu!" nikapiga kelele. "Amekula maua! Hospitali, haraka!"

Nililibeba lile tunguu mpaka kwa daktari ili ajue anatibu nini. Mume wangu hakuliona hilo. Aliona kitu kingine.

"Sumu ni ya nani mle ndani?" akaniuliza mbele ya ukoo mzima uliojaa koridoni. "Nani aliileta?"

"Lakini mimi nimerudi leo! Aliyepika ni dada yako!"

Kofi likatua kabla sijamaliza. Baba mdogo wake akasema niondolewe pale, nisije nikammalizia mgonjwa. Mama mmoja niliyemshonea nguo ya harusi akanitemea mate miguuni.

Sikuondoka. Nilikaa kwenye benchi la mwisho, nikiomba yule mama azinduke aseme ukweli.

Akazinduka.

Tuliitwa ndani watatu: mume wangu, wifi na mimi. Wifi alikuwa analia. "Mama, naapa, nilichukua vitunguu kapuni tu. Sikujua!"

Mama mkwe akamshika mkono. "Usilie. Ni mimi niliyeyang'oa maua yake."

Nilidhani sumu imemvuruga akili.

"Niliyaficha kapuni, nikisema nitayatupa, nikasahau. Kule kitaluni nikafukia vitunguu vya kupikia." Akanitazama mimi sasa, macho makavu. "Hilo neno la sumu nilijua unatutisha tu tusiguse."

"Kwa nini, mama? Nilikukosea nini?"

"Mwanangu akitoka kazini anakuja kukaa na wewe uani mpaka mbu wawafukuze. Mimi nakaa na nani? Nilitaka akuone mjinga. Akucheke kidogo."

Nilimtazama mume wangu. Nikasema moyoni, leo ndiyo siku yangu. Ataniomba radhi. Atanishika mkono tutoke wote.

Yeye akaenda kuchungulia mlangoni kama kuna muuguzi aliyesikia.

Halafu akatoka koridoni. Nilikuwa nyuma yake, hatua moja tu. Ndugu wote wakasimama.

"Mama amezinduka," akatangaza. "Na amesema amemsamehe mke wangu."

Vigelegele! Watu wakainua mikono. "Mama ana moyo wa dhahabu!" Shemeji mmoja akanisukuma begani. "Ingia ukapige magoti, ushukuru."

Wifi alisikia. Aliinamisha kichwa, akapangusa machozi, akanyamaza.

Sikupiga magoti. Nilishuka ngazi za hospitali na mkoba wangu wa safari, na mpaka leo kwenye ukoo ule mimi ndiye mkwe aliyemlisha mama sumu akasamehewa.

Wewe unayesoma hapa ukiwa bado unasubiri watu wa nyumba yako wakusafishe jina kwa sababu ukweli wanaujua: wanaujua, ndiyo. Ndiyo maana wamenyamaza. Usikae kuwasubiri.