Suti ya Shemeji

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alinipigia simu kutoka ughaibuni kuniuliza kama abadili njia, apitie mji mwingine aninunulie suti ya harusi ya binti yangu. Nilipaswa kukataa. Badala yake nikamwambia, "Pitia huko huko, shemeji. Nataka wakwe wanikome."

Alikuwa anasafiria hati ya muda, akisubiri pasipoti. Kumbe mwenye hati ile hudaiwa viza katika mji ule hata kama anabadili ndege tu bila kutoka uwanjani. Hakuwa nayo, wakamzuia kupanda, na ndege za njia ya kwanza zilikuwa zimeshajaa.

Huku Kimara turubai lilikuwa limeshafungwa, na kwetu watu wa kusini binti haolewi mpaka mjomba aridhie. Tukaiweka simu kwenye kiti chake, shangazi mmoja akaivalisha kofia.

"Mjomba, unaridhia?" mshenga akauliza.

"Naridhia! Ila pilau yangu anakula nani?"

"Mie hapa!" akadakia mke wangu, na watu wakavunjika mbavu. Hata mimi nilicheka, ndani ya koti la kuazima lililoishia viwikoni.

Mke wangu hakunilaumu. "Atakuja mwakani," alisema. Lakini kabla ya mwakani kaka yake aliugua, akafia huko huko na kuzikwa huko. Kwa sababu ya suti ambayo sikuivaa kamwe, mke wangu hakumwona tena.